Mwulize Bibi Shamba: Uzio wako uko wapi?

Mbukwenyi wasomaji wangu. Toleo lililopita nilidokeza kwamba shamba likipata "ufanisi wa naitrojeni" (sehemu ya kirutubisho hicho iliyotoka ndani ya mazao ukilinganisha na iliyoingia shambani) wa asilimia 100 na kupita, mimi naingiwa na hofu kuliko nikiona 60. Nafasi iliniishia kabla sijafafanua, na barua zikamiminika. Nimechagua sita. Nyingine nitazijibu kwa kirefu, nyingine kwa kifupi, maana hazilingani uzito. Na uzio ninaoutaja hapo juu ni mpaka wa hesabu: kipi unakihesabu na kipi unakiacha nje.

Shikamoo Bibi Shamba. Nina ekari 3 za mahindi huku Kibaigwa. Nilipandia mfuko 1 wa DAP, nikakuzia kwa mifuko 2 ya urea, nikavuna gunia 24. Mpwa wangu anayesoma kilimo kapiga hesabu, kasema ufanisi wangu ni asilimia 65. Jirani yangu hakuweka chochote, kapata gunia 12, na mpwa anasema ufanisi wake "hauna mwisho". Ina maana mimi niliyetoa pesa ndiye mjinga? — Mkulima, Kibaigwa

Marahaba mwanangu, na hongera kwa kuandika ulichoweka na ulichovuna. Mali bila daftari huisha bila habari, na naitrojeni ni mali kama mali nyingine. Hukufanya ujinga hata kidogo.

Tuipitie hesabu yenyewe ili na wengine waifuate. Unachukua naitrojeni iliyotoka shambani ndani ya mazao, unaigawa kwa iliyoingia. Mfuko wa urea wa kilo 50 una naitrojeni asilimia 46, yaani kilo 23. Mifuko yako 2 ni kilo 46. DAP ina asilimia 18, kwa hiyo mfuko mmoja ni kilo 9. Jumla kilo 55. Kwa upande wa mavuno, mahindi yana protini kama asilimia 9, na protini ukiigawa kwa 6.25 unapata naitrojeni yake. Gunia la kilo 100 linaondoka na karibu kilo 1 na nusu. Nasema gunia la kilo 100 lililopanda kwenye mizani, lumbesa hapana. Gunia 24 ni kilo 36. Gawa 36 kwa 55, ndiyo hiyo 65 ya mpwa wako.

Kuna kitu amekisahau. Mvua, radi na vumbi huleta naitrojeni kidogo. Mimi huandika kilo 2 kwa ekari kwa mwaka, kwako ni kilo 6. Iliyoingia inakuwa 61 na ufanisi unashuka hadi 59. Sasa twende kwa jirani, tukichukulia naye ana ekari 3. Zimeingia 6 za mvua, zimetoka 18. Asilimia 300! Mwulize mpwa wako: kilo 12 zilizozidi zimetoka wapi? Mahindi hayanyonyi naitrojeni ya hewani. Zimetoka kwenye udongo, kwenye ule weusi kidogo uliobaki wa mizizi na samadi za miaka ya nyuma. Jirani anachota akiba, na katika udongo wetu wa kichanga akiba yenyewe ni kiganja tu. Msimu mmoja hataona. Misimu sita, saba, gunia 12 zitakuwa 7, naye atasema mvua imebadilika.

Nikuonyeshe jambo lililonifanya nisiiamini asilimia ikija peke yake. Baada ya kuvuna, mabua yako yalikwenda wapi? Ikifika Julai huku kwetu ng'ombe huingia mashambani. Mwaka mmoja nilikaa pembeni ya shamba la ekari 3 hapa Kongwa tangu asubuhi, chini ya mbuyu, daftari mapajani. Kundi la ng'ombe kama 60 liliingia saa mbili. Walianza na majani makavu, yale yanayopasuka midomoni kama karatasi, wakaja kwenye maganda ya gunzi, mwisho wakatafuna mabua yenyewe kuanzia juu. Walirudi siku baada ya siku, na wiki ilipoisha vilibaki visiki urefu wa kidole, na vumbi. Mabua ya gunia 24 ni kama kilo 2,800, na yana naitrojeni kama asilimia 0.7, yaani karibu kilo 20. Ng'ombe wakirudi kulala zizini kwao, sehemu kubwa ya kilo hizo imekwenda nao. Tuseme zote zimekwenda. Ziongeze kwenye zilizotoka: 36 na 20 ni 56. Gawa kwa 61. Ufanisi umepanda kutoka 59 hadi 92! Shamba limevuliwa nguo, na alama zake zimepanda.

Jopo la wataalamu wa naitrojeni la Ulaya lilipotoa mwongozo wake mwaka 2015 liliiona hatari hii. Walisema chini ya asilimia 50 mbolea inapotea, juu ya 90 udongo unachimbwa, na papo hapo utazame kilo ngapi zimetoka kwa hekta na kilo ngapi zimebaki ziada. Kwa mazingira yao walitaka kilo 80 au zaidi zitoke kwa hekta, na ziada isipite 80. Zako, bila mabua, ni kilo 30 kwa hekta. Kwa hiyo mwanangu, ukisoma namba zote pamoja, shida yako si upotevu mkubwa wa mbolea. Shamba lako linakula kidogo na kutoa kidogo. Kabla ya Julai ijayo kaa na mwenye ng'ombe mkubaliane walale shambani kwako usiku kadhaa, au akulipe mabua kwa mikokoteni ya samadi. Wazee wetu walikuwa na makubaliano hayo bila kuandika. Siku hizi naona mabua yanaliwa bure, nami inaniuma.

Bibi Shamba, niliweka urea saa sita mchana kwenye mahindi ya magotini. Mvua haikunyesha siku 9. Mahindi yamebaki njano. Je, nimeuziwa mbolea feki? — Mama wa watoto 4, Chamwino

Pole sana, mama. Inawezekana mbolea ilikuwa nzima kabisa. Kama umebaki na kidogo, weka vijiko 2 kwenye glasi ya maji, koroga, halafu ishike glasi. Urea huyeyuka yote, na glasi inakuwa baridi mkononi kama imetoka mtungini. Ikibaki mchanga chini, hapo una haki ya kurudi dukani na maswali.

Nadhani yako iliruka. Nasema hivyo kwa sababu na mimi iliniruka. Nilikuwa kijana kazini, nimepewa shamba la mfano upande wa Mpwapwa, wanakijiji wamekuja kuangalia. Usiku uliotangulia kulikuwa na manyunyu, udongo ulikuwa na unyevu wa juu juu. Nikatembea na ndoo nikirusha urea juu ya udongo, jua la adhuhuri limeshika. Jioni nilirudi peke yangu kutazama. Niliinama hadi pua ikakaribia ardhi: punje zilikuwa zimelainika, kila moja imekaa katikati ya duara dogo la udongo uliolowa, na ile harufu kali ya choo cha shule ikanichoma macho. Ile ndiyo amonia. Kwenye udongo kuna vimeng'enya vinavyoivunja urea ikipata unyevu kidogo, na isipofukiwa au mvua isipoisukuma chini, naitrojeni inageuka gesi na kwenda na upepo. Siku chache za joto zinatosha kuondoka na sehemu kubwa. Wanakijiji wale walinunua mbolea mwaka uliofuata, wakairusha kama nilivyowaonyesha. Nilirudi kwao nyumba kwa nyumba kuwaambia nilikosea.

Fanya hivi. Subiri mvua ilowanishe udongo hadi kina cha kiganja. Chimba kashimo kwa ncha ya jembe, vidole vinne mbali na shina, weka kisoda kimoja cha urea, fukia hapo hapo. Kisoda ni gramu 4 hadi 5. Ukiwa umepanda sentimita 75 kwa 60, miche miwili kila shimo, ekari ina mashimo karibu 9,000, kwa hiyo mfuko mmoja unatosha ekari nzima na kubaki kidogo. Ni kazi ya kuinama, najua. Ukigawa mara mbili, nusu kisoda sasa na nusu wiki tatu baadaye, ni salama zaidi, maana mvua zetu za Dodoma hazina ahadi: zikikatika Februari, nusu ya pili inabaki ndani kwa ajili ya mwakani badala ya kuzikwa kwenye mahindi yaliyokwisha kukauka.

Bibi, mimi hupanda karanga mwaka huu, mtama mwaka ujao. Nasikia karanga huchota naitrojeni kutoka hewani. Hiyo naiandika vipi kwenye hesabu yako? — Mkulima wa Hombolo

Unaiandika kwenye upande wa kuingia, na hapo ndipo hesabu za watu wengi huanguka, kwa sababu haina mfuko wala risiti. Hewa tunayovuta ni naitrojeni asilimia 78. Karanga, njugu mawe, kunde, choroko na mbaazi hushirikiana na bakteria wanaoishi kwenye vinundu vya mizizi na kuigeuza kuwa chakula cha mmea. Kabla ya kuandika chochote, hakikisha kazi inafanyika. Karanga zikiwa kwenye maua, ng'oa mimea mitano sehemu tano tofauti, taratibu, na udongo wake. Pasua vinundu kwa ukucha. Ukikuta ndani vyekundu au waridi kama nyama mbichi, vinafanya kazi. Vyeupe bado au havifai, vya kijani vimechoka.

Vikiwa vyekundu, chukulia kwamba zaidi ya nusu ya naitrojeni iliyo ndani ya mmea mzima imetoka hewani. Lakini angalia upande wa pili wa daftari. Kilo 100 za karanga zilizobanguliwa huondoka na kilo 4 hadi 5 za naitrojeni, mara tatu ya mahindi. Halafu sisi karanga tunazing'oa na mashina yake, tunazibeba hadi nyumbani, tunapukuchua uani, na majani wanakula mbuzi. Sasa shambani kumebaki nini cha kuusaidia mtama? Mizizi iliyokatika, basi. Ukitaka mtama wako uonje faida ya karanga, pukuchulia shambani na uyaache majani pale, au yarudishe yakiwa samadi.

Nikitaja karanga huku kwetu siwezi kuacha Kongwa. Waingereza walileta matrekta mwaka 1947 wakiamini watafunika nchi kwa karanga, na mwaka 1951 mpango ukafutwa. Udongo uliganda kiangazi kama saruji na mvua haikufuata ratiba yao. Bibi zetu walikuwa wakilima karanga hapo hapo kwa jembe la mkono, kipande hapa, kipande pale, pamoja na uwele.

Bibi Shamba, nafundisha jiografia Mpwapwa. Kwenye habari tuliona wakulima wa Uholanzi wakiandamana na matrekta kwa sababu serikali inabana naitrojeni. Sisi tunahimizwa kuongeza mbolea. Wanafunzi wameniuliza nani anasema kweli, nikakosa jibu. — Mwalimu

Mwalimu, wote wawili, kila mmoja kwa shamba lake. Uholanzi imejaa ng'ombe, nguruwe na kuku kwenye eneo dogo, wanaolishwa chakula kingi kinachotoka nje kwa meli. Amonia ya samadi hupanda hewani na kutua kwenye mapori yao na kuyaharibu. Mwaka 2019 mahakama yao ya juu ya masuala ya utawala iliubomoa mpango wa serikali wa kutoa vibali, na Oktoba mwaka huo matrekta yakaziba barabara za kwenda The Hague. Wao wana ziada.

Sisi Afrika viongozi walikutana Abuja mwaka 2006 wakati bara likitumia wastani wa kilo 8 za virutubisho vya mbolea kwa hekta, wakaweka lengo la kilo 50 ifikapo 2015. Hatukulifikia. Mwaka 2024 walikutana tena Nairobi wakaazimia kuongeza mara tatu uzalishaji wa ndani na usambazaji wa mbolea.

Wachoree wanafunzi wako ubaoni mstari mmoja wa dunia nzima. Tangu Fritz Haber aliponasa naitrojeni ya hewani maabara mwaka 1909, na Carl Bosch akaifanya kazi ya kiwanda kule Oppau, Ujerumani, mwaka 1913, mbolea imekuwa nyingi na rahisi kwa wenye pesa. Mwaka 1961 karibu asilimia 68 ya naitrojeni iliyoingia mashambani duniani ilitoka ndani ya mazao. Mwaka 2009 ilikuwa karibu 47. Iliyobaki huenda hewani kama amonia, huenda majini kama naitreti, na sehemu hugeuka naitrasi oksaidi, gesi ambayo kilo yake moja huongeza joto la dunia zaidi ya mara 260 ya kilo ya hewa ya ukaa. Ndani ya mstari huo huo unaoshuka, weka nukta ya shamba la jirani wa Kibaigwa niliyemjibu juu: asilimia 300 na njaa. Watoto wakielewa kwamba nukta ile ni ugonjwa wa namna nyingine, si afya, umefundisha somo lote. Waambie pia kwamba kuongeza mbolea bila kuifukia ni kuelekea yaliko matatizo ya Uholanzi kabla hata hatujashiba.

Bibi Shamba hujambo. Nina ng'ombe 2 wa maziwa Ipagala, mjini. Kijana wangu wa kidato cha nne anasema ng'ombe hupoteza asilimia 80 ya protini anayokula. Ni kweli? Halafu majirani wanalalamikia harufu. Nimekuwa nikimwaga majivu zizini. — Mama Maziwa

Sijambo, Mama Maziwa. Kijana wako hajakosea sana. Chukua ng'ombe mmoja anayetoa lita 10. Kwa siku anakula, tuseme, kilo 3 za mashudu ya alizeti, kilo 3 za pumba za mahindi, na kilo 8 za nyasi kavu. Mashudu yanampa gramu 135 za naitrojeni, pumba kama 57, nyasi kama 72. Jumla gramu 264. Lita moja ya maziwa ina gramu 5 hivi, kwa hiyo lita 10 zinatoka na gramu 50 na kidogo. Hiyo ni asilimia 20.

Lakini mwulize kijana: uzio umeuweka wapi? Mashudu hayo wewe huwezi kuyasongea ugali. Ukihesabu ng'ombe kwa vitu ambavyo mtu angeweza kula, picha inabadilika kabisa, kwa sababu nyasi na mashudu vimegeuzwa kuwa maziwa ya mtoto. Na ile 80 haijapotea bado. Imetoka nyuma ya ng'ombe: gramu 210 kila siku, zaidi ya kilo 75 kwa mwaka. Hiyo ni naitrojeni ya mifuko zaidi ya 3 ya urea kutoka kwa ng'ombe mmoja! Itapotea au haitapotea kutegemea utakachofanya leo jioni.

Acha majivu, mama yangu. Nakuomba. Majivu huifukuza amonia kutoka kwenye mkojo na kinyesi, ndiyo maana ukimwaga harufu hupanda kwanza halafu hupungua. Inapungua kwa sababu mali imeshaondoka. Karibu nusu ya naitrojeni iko kwenye mkojo, na mkojo kwenye sakafu tupu huanza kuvukiza ndani ya saa chache. Tandika maranda ya mbao au mabua yaliyokatwakatwa yanyonye. Zoa kila asubuhi, rundika kivulini, kanyaga ligandamane, funika kwa turubai au udongo. Rundo lililo wazi juani Dodoma linaweza kupoteza nusu ya naitrojeni yake kabla hujapata mnunuzi, na mwenye zabibu wa Mpunguzi anakuja kulipia mkokoteni wa nyuzinyuzi. Uza yenye harufu ndani, isiyo na harufu nje.

Shikamoo Bibi. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, Chuo Kikuu cha Dodoma. Nimesoma kwamba kati ya kila 100 za naitrojeni zinazotumika kwenye kilimo duniani, 17 tu ndizo huliwa na watu. Nataka kupata namba kama hiyo kwa Jiji la Dodoma. Nianzie wapi?

Marahaba binti yangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, kwa furaha. Hiyo 17 ni makadirio ya mwaka 2005: kama tani milioni 100 zilitumika kwenye kilimo, milioni 17 zikaliwa ndani ya nafaka, maziwa na nyama. Inapima mnyororo mzima, kutoka mbolea hadi sahani, ndiyo maana iko chini ya ile 47 ya mashamba peke yake. Kila hatua inakata yake: shamba, ng'ombe, ghala lenye dumuzi, lori, soko, sufuria.

Kwa jiji tatizo lako la kwanza ni uzio. Dodoma inakula mahindi ya Kibaigwa, mchele wa Bahi, samaki wa Mtera. Mbolea iliwekwa huko, chakula kimeliwa hapa. Ukichora uzio kwenye mpaka wa jiji tu, mbolea iliyotumika itaonekana ndogo na jiji litaonekana hodari. Na Kongwa itaonekana vipi? Lori moja la tani 30 za mahindi linaloondoka Kibaigwa limebeba kilo 450 za naitrojeni, mifuko 20 ya urea, na hairudi. Kwa hiyo andika waziwazi kwenye ukurasa wako wa kwanza uzio umepita wapi, na ukiweza toa namba mbili: moja ya ndani ya jiji, nyingine inayofuata chakula hadi shamba kilikotoka.

Anza na kilicho rahisi, kilicholiwa. Sensa ya 2022 iliwahesabu watu 765,179 jijini. Ukikadiria kila mtu anakula gramu 60 za protini kwa siku, hiyo ni naitrojeni kilo 3 na nusu kwa mwaka, na kwa jiji lote ni karibu tani 2,700. Mtu mzima haihifadhi. Karibu yote inatoka, nyingi kwenye mkojo. Ni sawa na mifuko zaidi ya 115,000 ya urea kila mwaka, inayokwenda kwenye vyoo vya shimo na sehemu ndogo kwenye mabwawa ya majitaka ya Swaswa. Kutoka kwenye mashimo inazama kama naitreti. Jiji hili linakunywa maji ya visima vya bonde la Makutupora, pale Mzakwe, na kila mwaka nyumba zinasogea upande huo. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 za naitreti kwa lita, kwa ajili ya watoto wachanga hasa. Usiiache sehemu hii kwenye utafiti wako hata msimamizi akikwambia ni ya idara nyingine.

Mwaka 2019 kule Colombo nchi kadhaa zilikubaliana kupunguza upotevu wa naitrojeni kwa nusu ifikapo 2030. Huwezi kupunguza kwa nusu kitu ambacho hakuna aliyekipima, kwa hiyo kazi yako ina maana kubwa kuliko cheti.

Kinachokosekana kabisa ni taka za soko. Nenda Majengo asubuhi saba mfululizo, kabla wafagiaji hawajamaliza. Usipime rundo zima kwa macho. Chagua maeneo manne: kabichi na mchicha, nyanya, ndizi, na wauza dagaa. Jaza kiroba, ning'iniza, andika kilo, na andika kiroba kimejaa nini, maana kiroba cha vichwa vya dagaa kina naitrojeni mara nyingi ya kiroba cha majani ya kabichi. Wape wafagiaji chai. Wanajua rundo lipi linakwenda kwa wafuga nguruwe na lipi linakwenda dampo, na hilo hutalipata kwenye kitabu chochote.

Mizani ya kuning'iniza ya kilo 100 ninayo, ile niliyoizungusha Kongwa yote. Ndoano yake imepinda kidogo lakini inasoma sawasawa, nimeihakiki juzi kwa mfuko wa saruji ambao haujafunguliwa. Andika kwa mhariri atuunganishe, uje uichukue. Naomba irudi kabla ya Mei, watu wanapoanza kuvuna.